Chungu cha Mwaku: pombe na ujana kutoka Sandoa hadi Kolwezi

Wazee wa Kilunda wa Kapanga na Sandoa, kusini mwa Kongo, husimulia kwamba Mwaku, mkuu wa bonde la mto Nkalany, alikuwa amekaa siku moja akisuka mkeka. Pembeni yake palikuwa na chungu cha maji alimoloweka nyuzi, na maji yale yalikuwa yamegeuka meupe. Wanawe wawili, Kinguri na Chinyama, wakatokea wakiwa wamekwisha kulewa. Walipouona ule weupe chunguni wakaamini papo hapo, bila kuonja, kwamba ni tembo la mgema. Wakadai wapewe. Baba hakuwa na cha kuwapa. Wakamwita mchoyo, wakamwita mlevi, wakampiga. Kwa kosa hilo Mwaku aliwanyima urithi, akaiacha lukano, bangili ya utawala, mikononi mwa binti yake Ruwej, ambaye baadaye aliolewa na mwindaji Chibinda Ilunga aliyetoka kwa Waluba. Ukoo wa Mwant Yav, mfalme wa Walunda, ambao makao yake hadi leo ni Musumba, hujihesabu kuanzia hapo. Mreno Henrique Dias de Carvalho, aliyeongoza msafara katika nchi ya Lunda kati ya mwaka 1884 na 1888, aliichapisha simulizi hii mwaka 1890, na mwaka 1972 Mbelgiji Luc de Heusch alitoa kitabu kizima juu ya mfalme mlevi na chanzo cha dola katika masimulizi ya Waluba na Walunda. Kama mambo yalitokea hivyo au la, wanahistoria wameshabishana vya kutosha. Mimi nashika jambo moja tu ambalo wasimulizi hawakulisahau hata mara moja: chunguni mlikuwa na maji.

Mwaka 1973 mwanasaikolojia wa Marekani, Alan Marlatt, pamoja na wenzake, walifanya jaribio ambalo bila kujua lilirudia kisa cha Mwaku. Waliwapa watu vinywaji, baadhi vyenye vodka iliyochanganywa na maji ya toniki kiasi ambacho ulimi hauwezi kuibagua, na vingine toniki tupu. Kisha wakawagawa tena: wengine wakaambiwa wanakunywa vodka, wengine wakaambiwa ni toniki, na maelezo hayo hayakulingana kila mara na kilichomo kwenye glasi. Walioamini kwamba wanakunywa vodka ndio waliokunywa zaidi, hata pale glasi ilipokuwa haina tone la kileo. Miaka michache baadaye, mwaka 1980, Sandra Brown na wenzake walitunga orodha ya maswali ya kupima yale ambayo watu huyatarajia kwa pombe: ujasiri, uchangamfu, mvuto mbele ya jinsia nyingine, kusahau taabu. Tafiti zilizofuata katika mwongo huo zikaonyesha kwamba vijana huwa na matarajio hayo kamili kabla hawajaonja pombe. Anayeinywa kwa mara ya kwanza anakuja na jibu mkononi.

Ikiwa ndivyo, basi swali la kwa nini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hunywa halimalizwi na daktari wala na mhubiri. Ni swali la historia: jibu lile amelipata wapi? Kijana anayetoka Sandoa na begi lake, akapita Kasaji na Mutshatsha mpaka Kolwezi, au akaendelea hadi Lubumbashi, anafika chuoni akiwa tayari anajua kwamba bia ni ya msomi, kwamba meza yenye chupa ndiyo meza ya wanaume, kwamba mgeni hukaribishwa kwa kunyweshwa. Wengi husema huo ni ujana tu, ulivyo duniani kote. Wengine husema ni mila ya Kiafrika, kwamba babu zetu walikunywa na sisi tunakunywa. Naona pande zote mbili zimekosea. Tabia hii ina umri unaohesabika, na sehemu yake kubwa haifiki miaka mia moja.

Tuanze na mila, maana ndiyo husingiziwa zaidi. Nchi ya Walunda na Wachokwe haikuwa nchi kavu. Tembo la mgema lilikuwapo, pombe ya nafaka ilikuwapo, na munkoyo, uji wa mahindi uliotiwa mizizi na kuachwa uchachuke kidogo, ulikuwa kinywaji cha kila mtu, mtoto na mkongwe. Lakini kileo chenyewe kilikwenda kwa ngazi. Kilitolewa kwa mkuu kama heshima, kilimiminwa kwa mizimu, kilitolewa kwenye posa na kwenye kumaliza ugomvi, na mpangilio wa nani aonje kwanza ulikuwa sehemu ya sheria yenyewe. Kijana alikuwa mwisho wa mstari. Pale ambapo jamii ilimgeuza mvulana kuwa mwanamume, yaani kwenye mukanda, hakukuwa na kikombe cha kumwingiza. Alipelekwa kambini nje ya kijiji, akatahiriwa, akakaa chini ya walezi, akafundishwa nyimbo, miiko na kazi, akatishwa na vinyago vya mizimu, na mwisho akarudi kwa mama yake na jina jipya. Pombe ya sherehe ilipikwa, naam, lakini kwa ajili ya watu wazima waliokuwa wakishangilia. Kijana alipewa maarifa na kovu.

Hapa nategemea pingamizi, na ni la haki. Mwanahistoria Justin Willis, katika kitabu chake cha mwaka 2002 juu ya pombe Afrika Mashariki, ameonya kwamba habari ya vijana wasiokunywa zamani hutoka vinywani mwa wazee, na wazee wana sababu ya kuisema hivyo. Kudhibiti pombe kulikuwa kudhibiti vijana, na anayesimulia enzi ya utii mara nyingi anatetea cheo chake. Ni kweli. Isitoshe, Kinguri na Chinyama wenyewe walikuwa wana wa mkuu na walikuja wamelewa. Bila shaka vijana wa kale waliiba tembo kama wanavyoiba maembe. Lakini tutofautishe kuvunja kanuni na kutimiza kanuni. Katika simulizi ya Mwaku, ulevi wa vijana ndio unaowapotezea ufalme. Hata kama kila kijana wa Nkalany alionja kwa siri, hakuna aliyetarajia kwamba kuonja huko kungemfanya mtu mzima mbele ya watu. Matarajio ya leo ni kinyume kabisa, na hayakutoka hapo.

Yalitoka, kwa sehemu kubwa, kwenye reli na mgodi. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ikashika sera ya kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake zao na watoto, badala ya kuwaajiri kwa miezi na kuwarudisha kwao. Reli ya kwenda Angola ilikamilika mwaka 1931, na Kolwezi ikakua kwenye njia hiyo. Kwa vijana wa Sandoa na Dilolo, mgodi ulikuwa mahali pa kwanza pa mtu kupata fedha zake mwenyewe mbali na macho ya wajomba. Wakati huohuo, mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kiwanda cha bia kilichoanzishwa katika miaka ya 1920 kilileta Simba, na baadaye Tembo ikafuata. (Msomaji wa pwani asichanganyikiwe: Tembo ya Katanga ni ndovu kwenye kibandiko cha chupa ya bia nyeusi, si tembo la mgema.) Kwa mara ya kwanza kileo hakikuhitaji msimu, wala mpishi unayemfahamu, wala mzee wa kuonja kwanza. Kilihitaji fedha tu, na aliyekuwa nazo alikuwa kijana.

Sheria za kikoloni ziliongeza jambo ambalo naliona zito kuliko kiwanda. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia vileo vikali kuingizwa katika eneo kubwa la Afrika ya kati, na mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa mwaka 1919 ukaendeleza makatazo hayo. Nia ilitangazwa kuwa kumlinda Mwafrika. Matokeo yake katika Kongo ya Wabelgiji yalikuwa ngazi mpya: Mzungu alikunywa wiski na divai, Mwafrika akaachiwa bia, na aliyetengeneza lutuku, gongo ya mahindi au mihogo, aliwindwa na polisi. Ngazi ikishawekwa, watu huitazama kwa kwenda juu. Wasomi walioitwa évolués, walipodai usawa katika miaka ya baada ya vita vya pili vya dunia, waliweka haki ya kunywa wanachokunywa Wazungu miongoni mwa madai yao. Hawakuwa walevi, walikuwa wanadai utu, na glasi ilikuwa mojawapo ya mahali utu huo uliponyimwa waziwazi. Huko Léopoldville, Kinshasa ya leo, Patrice Lumumba, waziri mkuu wa baadaye, alifanya kazi ya kuitangaza bia ya Polar katika ushindani wake na Primus, na kazi hiyo ikamjulisha kwa watu wa mitaani kabla ya uchaguzi wa mwaka 1960. Chupa ilikwishakuwa cheti cha mtu wa mjini, mwenye mshahara, aliyesoma. Hiyo ndiyo imani aliyoirithi mwanafunzi.

Sandoa ilikuwa na njia nyingine pia, na haifai kuipita kimya. Wamethodisti wa Marekani waliingia nchi ya Mwant Yav kabla na wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Daktari Arthur Piper alianza kazi Kapanga mwaka 1914, na Sandoa ikawa kituo kingine cha misheni yao. Walitoka kwenye kanisa lililokuwa mstari wa mbele katika kupigania marufuku ya pombe nchini mwao, marufuku iliyodumu kuanzia mwaka 1920 hadi 1933, na walikuja na msimamo huohuo. Muumini hakunywa. Mwanasiasa Moïse Tshombe, mzaliwa wa Musumba wa mwaka 1919, alisomeshwa na misheni hiyo, kama walivyosomeshwa wengi wa kizazi chake. Misheni ilifanya jambo ambalo serikali haikulifanya: ilimpa kijana asiyekunywa jamii ya kukaa nayo, kwaya, mpira, darasa, mchumba. Lakini pia ilifunga mlango mmoja. Kwa kuwa pombe ilikuwa dhambi nzima, haikuzungumzwa ila kwa kukemewa, na mtoto wa misheni alikua akijua mambo mawili tu juu yake: kwamba imekatazwa, na kwamba wenye mishahara Kolwezi wanainywa. Kwa kijana wa miaka kumi na minane, mambo hayo mawili yakikutana hayamweki mbali na chupa.

Ndipo kikaja chuo. Lovanium ilifunguliwa karibu na Léopoldville mwaka 1954, na Chuo Kikuu cha Serikali kikafungua milango Elisabethville mwaka 1956. Walimu walitoka Ubelgiji, na pamoja na vitabu ikaja desturi ya wanafunzi wa Brussels na Liège: ubatizo wa wageni. Mwanafunzi mpya ni bleu. Aliyebatizwa ni poil. Kati yao kuna majuma ya kuamrishwa, kuimba, kudhalilishwa, kupewa jina, na, kule Ubelgiji, kunywa bia nyingi. Maneno hayo mawili yanaendelea kutumika Lubumbashi hadi leo. Mwaka 1971, baada ya maandamano ya Juni na wanafunzi kuingizwa jeshini kwa amri, Rais Mobutu aliunganisha vyuo vikuu vyote kuwa chuo kimoja cha taifa, UNAZA, na vitivo vya fasihi na sayansi za jamii vikahamishiwa Lubumbashi. Mila za kampasi mbili zikakutana kwenye mabweni yaleyale. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilipata jina lake mwaka 1981, na tawi lake la Kolwezi likaja kuwa chuo kikuu kinachojitegemea. Kwa njia hiyo ubatizo ukasafiri kuelekea magharibi, ukimsogelea kijana wa Sandoa.

Angalia jinsi desturi hii ilivyopata ardhi yenye rutuba. Kijana wa Kichokwe au wa Kilunda aliyeambiwa kwamba atatengwa, atateswa kidogo, atafundishwa nyimbo za siri na kupewa jina jipya hakuona kitu kigeni. Aliona mukanda. Umbo lilikuwa lilelile, na naamini ndiyo sababu ubatizo ulishika mizizi Katanga kuliko watu wanavyokiri. Kilichobadilika ni kiini. Mlezi wa mukanda alikuwa mtu mzima aliyewajibika kwa wazazi kama mtoto angekufa mikononi mwake. Poil ni kijana wa miaka ishirini asiyewajibika kwa yeyote. Na palipokuwa na maarifa pakawekwa chupa, ama ya Simba kwa mwenye fedha ama lutuku kwa asiye nazo. Huko nyuma bleu amekwishaandaliwa: siku matokeo ya mtihani wa taifa yanapotangazwa, waliofaulu humwagiwa poda nyeupe kichwani, wakapita mitaani wakiimba, na kwa wengi chupa ya kwanza inayonywewa hadharani, bila kificho, hufunguliwa siku hiyo. Diploma na bia vinafika mkononi siku moja, hata ujumbe hauhitaji kuandikwa.

Atakuwapo wa kuniuliza: je, si umaskini na taabu vinavyomnywesha mwanafunzi? Karo haijalipwa, chumba kimoja kina watu sita, nauli ya kurudi Sandoa haipo. Tangu mgodi wa Kamoto uporomoke mwaka 1990 na Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, kushindwa kulipa, familia nyingi za mgodini hazijarudi kwenye uhakika ziliokuwa nao, na leo mwanafunzi wa Kolwezi hupita mtaa mmoja na mchimbaji wa umri wake mwenye noti mfukoni na daftari hana. Sipuuzi hayo. Taabu inaeleza kwa nini mtu ashike lutuku badala ya bia, na inaeleza kwa nini aendelee. Lakini haielezi majuma ya kwanza. Kama taabu pekee ingekuwa chanzo, mnywaji mkubwa angekuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliyechoka na deni, wala asingekuwa mgeni aliyeaga nyumbani jana akiwa na fedha za kuanzia. Mgeni hanywi kwa kukata tamaa. Anainunua nafasi yake mezani, na bei ameambiwa na historia hii yote.

Mwingine atasema majaribio ya Marekani hayatuhusu, na kwamba pombe ni dawa kali, si fikra. Nusu yake ni kweli. Kileo hupunguza wepesi wa macho na mikono kwa mtu yeyote, na lutuku iliyopikwa vibaya inaweza kumpofusha au kumuua bila kujali anaamini nini. Ila ujasiri, uanaume na udugu havimo ndani ya chupa. Mwaka 1969 Craig MacAndrew na Robert Edgerton walikusanya habari za jamii za mabara mengi na kuonyesha kwamba watu hulewa kwa jinsi jamii yao ilivyowafundisha kulewa: mahali pengine mlevi hupigana, mahali pengine hukaa kimya. Na mwaka 1986 Wesley Perkins na Alan Berkowitz waligundua kwamba wanafunzi wa chuo walidhani wenzao wanaukubali ulevi kuliko walivyoukubali kwa kweli. Kila mmoja alikuwa akiufuata umati ambao haukuwapo. Hapo sioni umbali wowote kati ya kampasi ya Marekani na bweni la Kolwezi. Naona wana wa Mwaku, kila mmoja akitazama weupe wa maji na kuapa kwamba ni tembo.

Ndiyo maana sitegemei sana marufuku. Kongo imejaribu marufuku tangu mwaka 1890, na lutuku bado inapikwa. Tanzania ilipiga marufuku pombe ya viroba, vile vipakiti vidogo vya kileo kikali, tarehe 1 Machi 2017, na hilo lilikuwa jema, kwa sababu kileo cha bei ya peremende hakifai kuuzwa karibu na shule. Lakini marufuku ile iligusa pakiti, haikugusa matarajio. Matarajio huguswa na wale wanaoyafundisha. Katika Lualaba, mkoa wa Sandoa na Kolwezi, hao wanajulikana: mzazi anayefungua bia siku ya poda, mchungaji wa Sandoa asiyezungumza na kijana juu ya pombe ila kwa laana, na zaidi ya wote mwanafunzi mkongwe anayewapokea wageni.

Kwenu ninyi wakongwe wa Kolwezi na Lubumbashi nasema hivi. Ubatizo mnao, na sioni sababu ya kuufuta. Mgeni anahitaji kupokelewa, kupewa jina, kujua kwamba ana kaka na dada mahali asipo na mjomba. Warudishieni bleu kile ambacho mukanda ulikuwa nacho: mlezi mwenye jina, anayejulikana kwa wazazi, atakayejibu kama mtoto akidhurika, nyimbo, na historia ya mahali, mwongozo wa kozi, wa maktaba, wa kumpata daktari usiku. Wekeni munkoyo mezani. Na bleu wa Sandoa akiwauliza kama lazima anywe ndipo awe mwenzenu, mjibuni hapana, mbele ya wenzake wote, siku ya kwanza.